SAKAFU YA BOTI YETU: TUSIFUNIKE UOZO

(Haya ni maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanaushirika. Yameandikwa hapa ili waliokuwa machungani na mashambani nao wayapate. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.)



Tumekutana kwa jambo moja tu, nalo ni boti yetu ya faiba. Mnajua yaliyotokea. Ndugu zetu wanne walikuwa wanarudi alfajiri kutoka kutegua nyavu hapa Kitangiri, perege na kambare wamo ndani. Mmoja alisimama kuvuta kamba, mguu wake ukatumbukia kwenye sakafu mpaka gotini. Bahati nzuri tumbo la boti halikutoboka. Ndiyo maana leo tumekaa mkutanoni, hatukukaa matangani.

Sasa tuseme ukweli. Kosa ni letu sisi kamati, na sisi wa ofisi tumo. Miaka miwili iliyopita wavuvi walituambia sakafu inabonyea chini ya kisigino. Tulifanya nini? Tulinunua kopo moja la resini na kipande cha kitambaa cha faiba, tukabandika juu, ikang'aa kama sahani mpya. Kwenye taarifa tukaandika: "Boti imetengenezwa." Nanyi mkatupigia makofi. Kumbe chini ya ule mng'aro ubao ulikuwa unaoza. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuziba, lakini uozo tuliufungia ndani.

Wiki iliyopita tuliifungua sakafu pamoja na fundi kutoka Mwanza. Tuwaeleze tulichojifunza, kwa sababu jambo hili si letu peke yetu. Tarehe 30 Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kule Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mkopo. Boti za namna hii zinaongezeka, na kila boti mpya ina siku yake ya kuzeeka.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini. Yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofungwa ndani yake. Chini ya sakafu yetu kuna mihimili miwili mirefu ya mbao kutoka mbele mpaka nyuma. Juu yake kuna plaiwudi, na juu ya plaiwudi kuna ngozi ya faiba. Maji yakipata tundu yanaingia kwenye ubao na hayana pa kutokea.

Tundu tulilitoboa wenyewe. Tulipoongeza benchi tulipiga skrubu nane katika sakafu bila kuziba matundu yake. Halafu masika yote boti ililala pwani ikiwa imeangalia juu, imejaa maji ya mvua, na njia ya kutolea maji imezibwa na magamba na matope. Tuliiacha kama birika la ng'ombe.

Kati ya mihimili kulikuwa na povu gumu la kusaidia boti ielee hata ikijaa maji. Tulilikuta limelowa kama sponji. Tulijaza madumu matano ya lita 20 kwa povu na tope lililotoka humo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Maji ya kujaza madumu matano ni kilo 100, karibu watu wazima wawili wanaopanda kila siku, hawavui na hawapigi kasia. Tulikuwa tunalalamika injini inakula mafuta. Kumbe mlaji alikuwa chini ya miguu yetu.

Sasa kazi yenyewe iko hivi.

Kwanza, boti ikae juu ya viroba vya mchanga, imeshikwa sawasawa pande zote. Sakafu ikitoka, boti inalegea. Ikikaa vibaya inapinda, na ukijenga sakafu mpya juu yake umeufunga ule upinde daima. Kwa sababu hiyo hiyo tutabadilisha mhimili mmoja, ukamilike, ndipo tuguse wa pili.

Pili, tutakata uozo mpaka tufike kwenye ubao mzima, na tupite hapo kidogo. Gonga kwa nyundo ndogo: ubao mzima unalia kwa sauti kavu, uliooza unanyamaza. Pale unaponyamaza tusimwonee huruma fundi wala mfuko.

Tatu, kila kitu kikauke kabisa. Resini haishiki kwenye ubao wenye maji. Hapa Singida Mungu ametupa kiangazi, basi tukitumie. Mvua za Novemba zisitukute boti ikiwa wazi. Lakini upepo wetu nao mnaujua. Vumbi likitua kwenye resini mbichi, tabaka la pili halishiki vizuri. Tutazungushia maturubai, na faiba tutaipaka asubuhi kabla upepo haujaamka.

Nne, plaiwudi iwe ya boti. Zile za kumwagia zege, zenye ngozi nyeusi inayoteleza, msidanganywe kwa jina. Resini haishiki kwenye ile ngozi. Ubao wetu utapakwa resini pande zote, chini, juu na kingoni, kabla ya kulala mahali pake. Kila tundu la skrubu litajazwa resini. Na tutaacha njia ya maji kupita mpaka nyuma yanakotolewa.

Tano, vipimo. Hapa tunasema na wenzetu wa darasa la kisomo cha watu wazima, maana sisi nasi tulipita humo, kalamu tuliishika ukubwani. Mara ya kwanza tulichanganya hadina, yaani dawa ya kugandisha, kwa kukisia. Ndoo ikatoa moshi, resini ikaganda na brashi ndani yake. Maelezo yalikuwa yamebandikwa kwenye kopo, hatukumwomba mtu atusomee. Resini hii inataka hadina asilimia 1 hadi 2. Kilo moja ni gramu 1,000, kwa hiyo asilimia 1 ni gramu 10, na asilimia 2 ni gramu 20. Kwenye joto la kwetu fundi atakaa karibu na 10, na atachanganya kidogo kidogo. Mizani itashikwa na wanafunzi wawili wa kisomo. Mmoja atapima, mwingine ataandika.

Na hatari zake ni hizi. Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Osha kwa maji mengi dakika 15 bila kukoma, kisha zahanati mara moja. Vumbi la faiba linakwaruza mapafu, kwa hiyo bila barakoa na miwani hakuna kushika msasa. Sigara na moto vikae mbali. Watoto wasikaribie kabisa.

Jamani, limebaki neno moja zito. Mwenzetu mmoja ametoa shauri tuipake rangi tuwauzie wavuvi wa ng'ambo, wao hawajui habari zake. Hatumtaji, na tunajua ameona mfuko wetu ulivyo mwembamba. Lakini ndugu, wale nao wana watoto wanaosubiri pwani. Kama tungewauzia, siku mguu wa mtu utakapotumbukia katikati ya ziwa tutasema sisi hatukujua? Sisi tunajua. Tumeona kwa macho yetu. Kamati imekataa, na tunaomba mkutano nao ukatae.

Anayeficha ugonjwa, kilio humuumbua. Kwa hiyo tangu leo daftari la boti litakaa hapa ofisini, wazi kwa kila mwanaushirika. Kila kopo la resini litaandikwa, bei yake na nani kalinunua. Kila siku ya kazi itaandikwa, pamoja na picha ya kilichokuwa chini kabla hakijafunikwa. Neno "imetengenezwa" halitaandikwa tena mpaka wavuvi watatu wamesimama juu ya sakafu hiyo na kutia sahihi au dole gumba.

Kazi inaanza Jumamosi saa 12 asubuhi. Wenye mikokoteni walete mchanga. Akina mama wa kikundi cha samaki wamejitolea uji, tunawashukuru. Vijana waje na msasa. Asiye na msasa aje na mikono.

Yule ndugu yetu aliyeumia mguu anaendelea vizuri. Ametuambia atakuja, akae kivulini, agonge ubao kwa nyundo na kusikiliza. Tumempa kazi hiyo. Tunaona hakuna anayestahili zaidi yake.



Katibu wa Tawi