Pamba ndani ya kopo

Kopo la ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hulia likitikiswa. Ndiyo maana baadhi ya wanaozitumia hulijaza pamba kabla ya kulitia mkobani, mama mkwe asisikie. Lakini siri hiyo iliwahi kuguswa na sheria: nchini Kenya, sheria ya mwaka 2006 ilimlazimisha mwenye virusi hivyo kumwarifu kila anayekutana naye kimwili. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 24 cha sheria hiyo, chenye sharti hilo, kinakiuka Katiba: hakikueleza bayana nani hasa aarifiwe. Ilihukumu vyema. Siri kama hii haitolewi kwa fimbo, hutolewa kwa kuaminiana. Tena, anayemeza dawa ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Nyumba ikilijua hilo, pamba itatoka yenyewe. Ndugu yako akikufungulia moyo leo, msikilize kwanza; maswali yatangoja.