Si Uzee Tu

Injili ya Dominika hii ya 30 ya Mwaka B, iliyo katika sura ya 10 ya Marko, yatupeleka kando ya njia itokayo Yeriko, ambako Bartimayo, mwana wa Timayo, ameketi akiomba. Sote twaijua habari yake tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Lakini mara nyingi twaharakisha kufika mwisho, pale anapopata kuona, tukaliruka jambo moja la katikati: kabla Bwana hajasimama, watu wengi walimkemea anyamaze. Watu hao hawakuwa adui zake. Walikuwa katika msafara ule ule uliofuatana na Yesu. Na neno la Kiyunani alilolitumia Mwinjili kwa ombi lake laweza kufasiriwa kuwa ni kuona tena, kana kwamba mtu huyu alikuwa amewahi kuujua mwanga, akaupoteza.

Bartimayo wa namna hiyo tunao wengi, tangu miteremko ya Litembo na Mbinga hadi kando ya ziwa, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Bibi analalamika kwamba kuna moshi mbele ya macho yake hata jikoni pasipo moto. Wakati wa kuchuma kahawa anachanganya iliyoiva na mbichi, kwa sababu wekundu umefifia machoni pake. Akipita shambani, mguu wake unatumbukia katika shimo la ngoro ambalo yeye mwenyewe alilichimba miaka yote. Nasi wa nyumbani twamjibu kwa upole kabisa: "Ni uzee tu, bibi." Upole huo ndio unaomnyamazisha. Baada ya kujibiwa hivyo mara tatu, hasemi tena.

Basi na tuseme wazi ugonjwa wenyewe ni nini. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, imo lenzi ndogo iliyo safi kama maji ya kisima. Kwa miaka mingi lenzi hiyo huweza kuingia ukungu, nao ukungu huo ndio tunaouita mtoto wa jicho. Duniani kote ndio unaoongoza kwa kuwapofusha watu. Ni kweli kwamba huwajia wazee zaidi, lakini huondolewa. Daktari hulitia jicho ganzi, huitoa lenzi iliyochafuka, na mahali pake huweka lenzi ndogo ya plastiki. Mara nyingi kazi hiyo haifiki hata nusu saa, na mgonjwa yu macho muda wote, akisikia mazungumzo. Babu anayeshindwa tu kutunga uzi katika sindano ya kushonea nyavu, lakini mtumbwi ulio mbali anauona vizuri, huenda hana haja ya kisu. Yamkini anahitaji miwani ya kusomea. Apimwe, ijulikane.

Katika Biblia yetu yumo mzee mwingine, Tobiti, ambaye habari yake yafaa kusomwa katika kila nyumba yenye mzee asiyeona. Aliingiwa na vyamba vyeupe machoni, akawaendea waganga, nao kadiri walivyompaka dawa ndivyo giza lilivyozidi. Mkewe Ana akalazimika kufuma kwa ujira. Siku moja waajiri wake wakampa mwana-mbuzi juu ya mshahara wake, na Tobiti aliposikia mlio wa mbuzi ndani ya nyumba, akamtuhumu mkewe kwamba ameiba. Mtu yule yule aliyekuwa maarufu kwa sadaka! Tusimhukumu upesi. Asiyeona husikia sauti asizoweza kuzithibitisha, na mashaka humwingia pasipo kubisha hodi. Ugomvi mwingi baina ya wazee na wakwe zao, ambao twauita ukali wa uzeeni, ungetulia kama mzee angeiona sura ya anayesema naye.

Tobiti alipona kwa nyongo ya samaki, na hapa hatuna budi kuonya, maana tunaishi karibu na ziwa lenye samaki wengi. Malaika Rafaeli alimwagiza Tobia, sisi hakutuagiza. Nyongo, maji ya majani, maziwa ya mama, wala matone aliyoyabakiza jirani, visitiwe katika jicho lolote. Kioo cha mbele ya jicho kikichomwa au kikiingia vidudu hubaki na kovu jeupe, na kovu hilo ni gumu kuliponya kuliko mtoto wa jicho aliyekuwapo mwanzo.

Vijana wetu watokao mijini huja na habari za leza, na wazee wengine wamekataa upasuaji wa kawaida wakingoja huo mwanga wa ajabu. Leza ni mwanga uliokusanywa kwa nguvu mahali padogo, na una kazi zake. Huziba mishipa inayovuja nyuma ya jicho la mwenye kisukari, husaidia aina fulani za presha ya macho, na hulichonga umbo la kioo cha mbele kwa wale wanaotaka kuacha miwani. Tena kuna waliokwisha kutolewa mtoto wa jicho, na baada ya miezi au miaka utando wa nyuma ya lenzi mpya ukaingia ukungu. Hao leza huwafungulia dirisha kwa dakika chache. Lakini kwa bibi yetu mwenye moshi machoni, mikono ya daktari na lenzi ile ya plastiki vyatosha. Kuingoja leza ni kumwongezea miaka ya giza bure.

Yapo magonjwa mengine yasiyosamehe kuchelewa. Presha ya macho hula pembeni kwanza, taratibu, bila maumivu kwa walio wengi, na sehemu iliyokwisha kuliwa hairudi. Hapa kwetu Ruvuma usubi pia umejulikana kwa miaka mingi. Nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi hupitisha minyoo katika ngozi, na vijinyoo vyake hufika machoni. Dawa yake, Mectizan, imetolewa bure tangu mwaka 1987, nao wawili walioongoza uvumbuzi wa asili yake walipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mgawaji wa dawa kijijini anapokuja na kijiti chake cha kupimia urefu, tusimkimbie, hata kama mwaka jana tulimeza. Dawa huua vijinyoo vichanga. Minyoo mikubwa huishi miaka mingi, ndiyo maana ya kurudia. Mtoto asiyefikia sentimita 90 na mama mjamzito hawapewi.

Twajua kisingizio cha fedha, wala si uongo. Lakini twajua pia kwamba kahawa ikilipwa, bati hununuliwa, na simu hununuliwa, na macho ya bibi huahirishwa hadi msimu ujao. Wakati huo binti wa miaka tisa ndiye anayeishika ncha ya fimbo yake, kwenda kisimani na kurudi, saa ambazo wenzake wamo darasani. Wawili wamefungwa na ukungu mmoja.

Makatekista, ombi letu kwenu ni dogo. Ulizeni hospitali ya wilaya, au Litembo, Peramiho na Liuli, ni lini daktari wa macho atawaona wagonjwa, mkaitangaze siku hiyo baada ya Ibada ya Dominika. Pitieni jumuiya ndogondogo, mkaandike majina ya wasioweza kuhesabu vidole vya mkono kwa hatua chache, pamoja na mtoto yeyote ambaye mboni yake yang'aa nyeupe. Huyo mtoto asingoje siku ya tangazo, apelekwe kesho. Kando ya kila jina la mzee liandikwe jina la mtu mzima atakayefuatana naye na kulala naye hospitali, ili asubuhi bandeji inapofunguliwa awepo wa kutazamwa. Na asiwe yule binti. Yeye siku hiyo aende shule.