Mita, Mtungi na Kopo la Mkaa: Kinachoamua Nishati ya Jikoni

Katika taaluma ya uchumi wa nishati, nadharia iliyotawala kwa miaka mingi ni ile ya ngazi ya nishati, yaani dhana kwamba kaya hupanda daraja kwa daraja kutoka kuni hadi mkaa, kisha mafuta ya taa, na hatimaye gesi na umeme, kadiri kipato chake kinavyoongezeka. Dhana hiyo ina ukweli wake, lakini haielezi kwa nini mtumishi wa Dar es Salaam anayepokea mshahara kila mwezi humiliki mtungi wa gesi na bado huacha jiko la mkaa uani. Hali hiyo, ambayo watafiti huiita mchanganyiko wa nishati, ndiyo kawaida ya miji ya Afrika Mashariki.

Historia ya Kingsbury, kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa London ndani ya halmashauri ya Brent, inatia shaka zaidi nadharia hiyo. Miongoni mwa Waasia waliohama Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wengi walihamia Brent na maeneo jirani, na waliotoka Uganda walifika wakiwa wamepoteza karibu mali yao yote. Kwa mujibu wa nadharia, walipaswa kushuka ngazi. Badala yake walikuta bomba la gesi likiwa limefika jikoni, tena wakati ule ule ambapo Uingereza, kati ya mwaka 1967 na 1977, ilikuwa ikiacha gesi ya makaa ya mawe na kuhamia gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini, mafundi wakiingia nyumba kwa nyumba na kubadilisha vichomeo vya majiko ya wateja wapatao milioni 13 bila kuwadai gharama ya kazi hiyo. Chapati, dengu na pilau viliendelea kupikwa; kilichobadilika ni moto. Hoja kwamba watu hung'ang'ania mkaa kwa sababu ya mila na ladha ya chakula, ambayo hurudiwa mno katika ripoti za maendeleo, haina budi kupimwa kwa ushahidi huo.

London yenyewe haikufika hapo kwa hiari ya kaya peke yake. Baada ya moshi mzito wa Desemba 1952 kuua maelfu ya watu, Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 iliziwezesha halmashauri kutangaza maeneo ambako moshi hauruhusiwi, lakini iliambatanisha katazo hilo na fedha: angalau sehemu saba kati ya kumi za gharama stahiki za kubadilisha meko zilirejeshwa kwa mwenye nyumba. Tofauti na hapo, Tanzania ilipozuia mkaa kwa muda mfupi mwanzoni mwa mwaka 2006, katazo lilitangulia nishati mbadala, na mzigo ukawaangukia wapishi, ambao wengi wao ni wanawake.

Hata hivyo, somo kubwa zaidi la London ni la zamani kuliko hayo. Katika miaka ya 1890 kampuni za gesi zilianza kufunga mita za sarafu katika nyumba za vibarua, ambapo mteja alitumbukiza peni moja na kupata gesi ya thamani hiyo, huku mabomba na jiko vikitolewa na kampuni na gharama yake ikifidiwa kidogo kidogo ndani ya bei. Kibarua hakuwa ametajirika. Ila gesi sasa iliuzwa kwa kipimo kinacholingana na ujira wake. Mkaa wa Dar es Salaam na Nairobi una nguvu hiyo hiyo hadi leo, kwa kuwa huuzwa kwa kopo, kisado au mkebe, karibu na nyumbani, na mara nyingi kwa mkopo wa muuzaji anayemfahamu mteja, ilhali mtungi wa kilo 6 hudai fedha zote kwa mkupuo. Kwa sababu hiyo, huduma kama M-Gas ya Kenya na KopaGas iliyoanzia Tanzania, zilizoanza kufunga mita juu ya mtungi ili mteja alipe kwa simu kadiri anavyotumia, zimegusa kiini cha tatizo kuliko kampeni nyingi za uhamasishaji.

Bei nayo lazima iaminike. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia mwaka 2016, ikairudisha kwa asilimia 16 mwaka 2021, ikaipunguza hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaiondoa tena mwaka 2023. Kaya iliyoshuhudia mabadiliko hayo ina sababu nzuri ya kutolitupa jiko lake la mkaa.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo linastahili kuungwa mkono kwa dhati, lakini litakwama mlangoni pa nyumba za kupanga, ambako mita moja ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, huhudumia vyumba vingi, wapangaji huchangia umeme kwa makadirio, na mwenye nyumba hukataza jiko la umeme kwa kuhofia ugomvi wa malipo. Jiko la presha la umeme hupika maharage kwa umeme kidogo, ila mpangaji asiye na mita yake hawezi kulithibitisha hilo mbele ya wenzake, na hakuna ruzuku ya jiko itakayomsaidia kabla suala la mita halijatatuliwa.