Kifuniko Kinachowashinda Akina Shosho

Hatutawachelewesha, tunajua majani chai yanawangoja.

Leo tunaongea juu ya kifuniko cha chupa. Msicheke. Juzi tulimtembelea shosho mmoja huku Tetu, vidole vyake vimejikunja kwa baridi yabisi. Chupa yake ya dawa ya presha ilikuwa mezani, wazi, imefunikwa kwa kipande cha gazeti. Kifuniko alikuwa amekikata kwa kisu. "Kinazunguka tu, tik tik tik, hakifunguki," akatuambia. Na chini ya meza mjukuu wa miaka miwili alikuwa akicheza.

Shosho huyo si mjinga, hakuna aliyemwonyesha. Kifuniko cha namna hii kilitokea Kanada mwaka 1967, kazi ya Henri Breault, daktari wa watoto mjini Windsor, aliyechoka kuletewa watoto waliomeza vidonge. Kwa kweli ni vifuniko viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha nje huzunguka bure mpaka ukikandamize kikashikana na cha ndani.

Kwa hivyo weka chupa mezani, usiishike hewani. Tandika kitambaa juu yake, kandamiza kwa kiganja, uegemee kwa uzito wa mwili, na bila kuachilia zungusha kuelekea kushoto. Hapo vidole havina kazi kubwa. Kama dawa ya maji imegandia shingoni, panguza kwa kitambaa cha maji moto. Kipande cha tyubu ya baiskeli husaidia mkono usiteleze. Kuna vingine vya kubana kando mbili huku ukizungusha. Meno hapana, na panga hata zaidi.

Ikishindikana, mwambie anayekupa dawa akutafutie kifuniko cha kawaida. Vingine ukivigeuza juu chini hufunga kama vya kawaida. Lakini ukifanya hivyo, dawa iwekwe kwenye sanduku la kufuli. Na usihamishie vidonge kwa chupa nyingine: jina na kipimo hupotea, na vingine huharibiwa na unyevu. Kile kipakiti kidogo ndani ya chupa za ARV ni cha kukausha, kiacheni humo.

Hata kifuniko kizima msikiamini sana. Marekani walitunga sheria yake mwaka 1970, na kwa kipimo chao kifuniko hupita hata mtoto mmoja kati ya watano, wa karibu miaka minne, akikifungua ndani ya dakika 10. Hicho kinachelewesha tu.

Sasa tuseme ukweli. Tunahangaika na chupa ya dawa, na mafuta ya taa tunayaweka kwenye chupa ya soda, chini, karibu na jiko! Dawa ya kahawa vilevile, na ya kuogeshea ng'ombe. Mtoto akiona soda, anakunywa. Akinywa mafuta ya taa, msimtapishe wala msimpe maziwa. Mafuta yakirudi juu huingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali, na chupa mwende nayo.

Yule shosho sasa ana sanduku la bati, ufunguo ameufunga kwenye ncha ya leso. Mkutano ujao kila mtu aje na chupa zake, tujaribu hapa mezani. Zile za soda ndizo tutaanza nazo.