Nchi Ipi Tajiri, Nchi Ipi Maskini?

Maneno ya mwalimu mbele ya jumuiya ya Dzaleka, Siku ya Wakimbizi



Nimepewa kusema juu ya hali ya uchumi wa nchi mbalimbali. Hapa kambini hesabu hiyo inafanywa kila siku chini ya mti, bila kalamu. "Afrika Kusini mlinzi analipwa kadha wa kadha." Kisha mama anauza cherehani na mtoto anaondoka usiku. Basi leo tuifanye hadharani.

Wataalamu huchukua pato la taifa, yaani thamani ya vyote vilivyozalishwa nchini kwa mwaka, wakaligawa kwa idadi ya watu. Mwaka 2023 Luksemburgi ilipita dola 120,000 kwa kila mtu. Afrika Kusini ilikuwa kama 6,000. Burundi haikufika 300. Malawi na Kongo, zote mbili, kama 600 hivi.

Tusimame hapo kidogo. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, bado shaba na dhahabu. Malawi inategemea tumbaku, chai na sukari. Namba ikawa moja! Hesabu ya kugawa inampa kila mtu fungu sawa, hata yule ambaye hakuona kitu. Wala haisemi nani alilala bila kusikia risasi.

Tena dola yenyewe ina hila. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha: dola ya kwacha 1,180 hivi ikawa 1,700. Aliyelala na kwacha 100,000, sawa na dola 85, aliamka na dola 59. Shamba la mahindi la jirani yetu Mmalawi hapa Dowa halikupungua hata hatua moja. Lakini mbolea, mafuta ya kula na nauli ya kwenda Lilongwe vilipanda, na wengi wetu hatuna shamba. Tunanunua mpaka kitunguu.

Sasa Afrika Kusini. Machi 2024 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa randi 27.58 kwa saa. Kwa saa nane ni randi 220 na ushee. Vijana wananipigia makofi! Ngojeni. Miezi hiyohiyo, kati ya watu watatu waliotaka kazi, karibu mmoja hakuwa nayo, na hao ni raia pamoja na wenye vibali. Toeni kodi ya chumba, toeni fedha ya msafirishaji, ndipo mseme kilichobaki.

Mimi kwenye ubao huongeza safu nyingine: sheria. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti yake juu ya kazi na kutembea. Ndiyo maana mwaka 2023 wenzetu waliokuwa na maduka Lilongwe walirudishwa kambini. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi na kutembea. Nayo si nchi tajiri. Kwa hiyo mkimbizi haishi katika uchumi wote wa nchi. Anaishi katika ule anaoruhusiwa kuugusa. Jambo hilo ningeomba Kamati ilipeleke kwa wakubwa kabla ya ombi la kuongezewa unga.

Ubao uko hapa na chaki ipo. Mama mwenye kijana anayetaka kusafiri aje naye, tuhesabu ya kwao.