Kaskazi ya Gemu: Siku Moja Dunia Nzima au Kanda kwa Kanda?

Mwanzoni mwa Julai 2016, gemu ya simu ya Pokémon GO ilitolewa Australia, New Zealand na Marekani. Ujerumani na Uingereza ziliipata wiki iliyofuata, na Japani, alikozaliwa Pikachu mwenyewe, ikangojeshwa mpaka tarehe 22. Ghuba haikuwamo kabisa. Lakini mwenye simu hakuhitaji kungoja: alibadilisha nchi ya akaunti yake, au akatafuta faili la programu kwenye mtandao mwingine, akaanza kukimbiza vijidude mtaani. Mwezi huohuo serikali ya Kuwait ikawa inawaonya watu wasivifuate mpaka kwenye majengo ya serikali, ilhali gemu yenyewe rasmi haijafika. Zamu ya Mashariki ya Kati ilikuja Novemba, wakati wengi wameshaichoka.

Makala hii inachukua swali ambalo kampuni za gemu zimelijadili kwa miaka: gemu itoke siku moja dunia nzima, au iende kanda kwa kanda? Jibu hubadilika kulingana na alipokaa mwulizaji. Hapa amekaa Ibra, Sur na Nizwa, nchini Oman, si Tokyo wala California, na kwa kuwa nyumba nyingi za eneo la Sharqiyah zina jamaa Unguja, itabidi avuke bahari kidogo.

Sur hakuna mzee wa kufundishwa maana ya zamu. Majahazi ya pale yaliteremka Lamu na Unguja kwa kaskazi, miezi ya mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwingine, yakarudi kwa kusi baada ya Aprili. Fatah al-Khair, chombo kilichoundwa Sur mwaka 1951, bado kimewekwa nchi kavu mjini humo, watu wakitazame. Tende ilikwenda kwa msimu, boriti na karafuu zikaja kwa msimu, na aliyekosa upepo alikaa mpaka mwakani.

Gemu nazo zilisafiri hivyo. Pokémon ya kwanza ilitoka Japani Februari 1996, ikafika Marekani Septemba 1998, na Ulaya Oktoba 1999. Mtoto wa Osaka alikuwa keshamaliza shule ya msingi ndipo mwenzake wa London anafungua boksi. Kwa gemu za kuchezwa kwenye TV, Oman ilifungwa mkia wa Ulaya kwa sababu TV zake zilikuwa za mfumo uleule wa PAL, wenye picha 50 kwa sekunde, wakati Japani na Marekani zilitumia karibu 60. Gemu iliyoundwa kwa 60 na kuhamishwa bila kurekebishwa ilikwenda taratibu kwa karibu sehemu moja ya sita. Hata Sonic, kalunguyeye ambaye sifa yake yote ni mbio, kwenye mashine za PAL alikimbia kama aliyetoka kula biriani.

Kungoja huko hakukuwa uzembe. Kulikuwa na tafsiri, uchapaji wa diski, wakala wa kila nchi, matangazo. Tatizo ni kwamba mteja hakukubali kungoja. Mashine zilifunguliwa zikatiwa chipu ili zisome diski za kanda nyingine, na diski za kunakili zikauzwa mapema kuliko za halali. Intaneti ilipoenea, siri ya mwisho wa hadithi ilivuka mipaka kabla ya gemu. Kampuni zikaanza kukaza kamba. PlayStation 3 iliuzwa Japani Novemba 2006, Ghuba na Ulaya zikaipata Machi 2007, yaani miezi minne na zaidi. PlayStation 5 ilianza na nchi chache tarehe 12 Novemba 2020, na kwetu ikaingia tarehe 19: wiki moja. Pokémon X na Y zilitoka dunia nzima tarehe 12 Oktoba 2013, mara ya kwanza kwa gemu kuu za ukoo huo.

Siku moja, basi. Lakini siku moja ya nani? Gemu ikifunguliwa saa nne asubuhi California wakati wa kiangazi, Nizwa ni saa tatu usiku na Unguja saa mbili. Hapo ndipo kazi inapoanza. Gemu kubwa za leo hufika gigabaiti 100. Kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde, mzigo huo huchukua saa kumi na moja hata bila mtu mwingine nyumbani kufungua YouTube. Aliyeanza saa tatu usiku ataamkia alfajiri akaswali, arudi akute mstari bado haujajaa. Kampuni huruhusu kupakua siku kadhaa kabla, na hilo husaidia, ila kwa mwenye laini ya kutosha na nafasi kwenye diski yake.

Na siku moja ina hatari yake. Cyberpunk 2077 ilitolewa kila mahali tarehe 10 Desemba 2020, na kasoro zake zikatoka kila mahali. Wiki moja baadaye Sony iliiondoa dukani kwake, ikarudi Juni 2021. Clash Royale ilifanya kinyume: ilijaribiwa katika nchi chache kuanzia Januari 2016, ikatengenezwa, ikafunguliwa kwa wote Machi. Kwa maoni ya mwandishi, gemu ya simu inayotegemea seva ina haki ya kwenda polepole. Gemu ya hadithi haina.

Kisa kinachoihusu Ibra zaidi ni cha Helldivers 2. Ilitoka Februari 2024 siku moja kwa wote, ikapendwa. Mwanzoni mwa Mei, Sony ikataka wachezaji wa kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni kwenye duka la Steam katika nchi na maeneo 177 ambako akaunti hizo hazikutolewa. Oman ina duka lake la PlayStation. Tanzania na Kenya hazikuwa nalo. Zogo la wachezaji liliifanya Sony ifute sharti lile ndani ya siku chache, lakini tarehe 16 Mei Ghost of Tsushima ilipotoka kwa kompyuta, nchi zilezile zilifungiwa tena. Chukua watoto wa ndugu wawili, mmoja Ibra, mwingine Ng'ambo ya mjini Unguja, waliozungumza kila usiku kwa vipokea sauti: mmoja alibonyeza kununua, mwenzake akaambiwa haipatikani katika eneo lake. Tarehe ilikuwa moja. Zamu ilihama kutoka bandarini kwenda kwenye akaunti, na safari hiyo aliyeachwa ufukweni alikuwa wa Unguja.

Lugha nayo ina foleni yake. Assassin's Creed Mirage, iliyotoka Oktoba 2023 na kisa chake kuwekwa Baghdad, ilikuja na sauti za Kiarabu siku ileile ya kwanza. Kiswahili kilipata bahati ya ajabu zaidi: wimbo wa kufungulia Civilization IV wa mwaka 2005, "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ni sala ya Kikristo kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda Grammy. Gemu iliimba Kiswahili, kisha ikafungua menyu bila Kiswahili.

Ghuba yenyewe haiko tena mkiani. Mwaka 2025 Scopely, kampuni inayomilikiwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia kupitia kampuni yake ya Savvy, ilinunua biashara ya gemu ya kampuni ya Niantic kwa dola bilioni 3.5. Ndani ya mzigo huo imo Pokémon GO, ileile iliyokawia kufika huku miezi minne. Kijana wa Nizwa anayefungua akaunti mpya leo bado anaulizwa kwanza: nchi gani?