Dawa za Shamba na Kuvu za Ardhi ya Msitu

Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku



Mvua za kwanza zinaponyesha katika misitu ya miyombo ya Tabora, akina mama na watoto huingia porini na vikapu kutafuta uyoga. Mwingine huliwa nyumbani, mwingine hukaushwa, na mwingine huuzwa kando ya barabara. Uyoga huo ni tunda tu. Mwili wake umo udongoni: nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, zilizozivika ncha za mizizi ya mitundu na miyombo kama soksi.

Kuvu hizo si ugonjwa. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliupa ushirika huo jina mwaka 1885, jina lenye maana ya kuvu na mzizi kwa pamoja. Mti hutengeneza sukari majanini na kuigawia kuvu. Kuvu nayo hutambaa hadi pale mizizi isipofika, ikachota maji na fosforasi na kuuletea mti. Udongo wa miyombo una fosforasi haba, hivyo mkataba huo si anasa. Mwanaushirika hahitaji kuelezwa sana biashara ya namna hiyo. Mninga nao una kuvu zake, za aina nyingine, zisizotoa uyoga wowote. Kwa hiyo mahali pasipoonekana uyoga pasidhaniwe kuwa patupu.

Waliojifunza jambo hili kwa hasara ni wapanda misonobari. Misonobari ilipoletwa Afrika kutoka ng'ambo, mara nyingi miche yake ilidumaa na kugeuka manjano vitaluni, ijapokuwa ilimwagiliwa vizuri. Dawa ilikuwa makapu ya udongo kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kustawi. Udongo huo ulipochanganywa kitaluni, miche iliamka. Udongo ule uliwaletea kuvu waliyoikosa.

Sasa lije suala la dawa. Mkulima wa tumbaku hujua kwamba kitalu kichafu huharibu msimu mzima, na hakuna anayemlaumu kwa kukisafisha. Lakini dawa ya kusafisha udongo haichagui. Gesi ya methili bromidi, iliyotumika kwa miaka mingi katika vitalu vya tumbaku vya nchi za kusini mwa Afrika, iliua magugu, minyoo na kuvu zote, mbaya na njema. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba miche ya michungwa iliyodumaa katika vitalu vilivyofukizwa ilikosa kuvu zake za mizizini. Ilipopandikizwa kuvu hizo, ilikua tena. Gesi hiyo ilipangiwa kuachwa chini ya Mkataba wa Montreal, nayo nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2015, isipokuwa kwa kazi chache kama karantini. Iliachwa kwa sababu ya kuharibu anga, si kwa ajili ya kuvu.

Dawa za ukungu hazifanani. Zipo zinazozidhoofisha sana kuvu za mizizini, na zipo zinazozigusa kidogo tu. Iliyo ngumu kusahaulika ni shaba, ile iliyomo katika mrututu. Dawa nyingine huoza udongoni baada ya wiki au miezi, shaba haiozi. Katika mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro, yaliyonyunyiziwa shaba kwa miongo mingi, imepimwa ikiwa imejilimbikiza katika udongo wa juu, na humo ndimo kuvu nyingi huishi.

Hata dawa ya wadudu yaweza kuua uyoga pasipo kuugusa. Uyoga mkubwa unaoota kwenye vichuguu hulimwa na mchwa wenyewe, ndani ya bustani zao chini ya ardhi. Zamani aldrini na dieldrini zilichanganywa katika udongo wa miche ya mikaratusi ili kuzuia mchwa. Dawa hizo zimo katika orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, maana hudumu ardhini kwa miaka. Mchwa wakifa katika kichuguu, na shamba lao la uyoga limekwisha.

Isidhaniwe kwamba upepo ukichukua matone machache kutoka shambani msitu wote utakufa. Hatari iko mahali dawa inapomwagwa nyingi, tena kila mwaka: ukingo wa kitalu, kijito cha kuoshea mabomba, kichaka cha kutupia makopo matupu. Mara nyingi mahali hapo ni ukingo wa msitu uleule ambao chama kinautegemea kwa kuni za kukaushia tumbaku.

Chama kinachoanzisha kitalu cha miti kisikiweke, basi, juu ya kitalu cha zamani cha tumbaku, hata kama maji yapo karibu. Udongo wa viriba uchanganywe na debe chache za udongo wa juu kutoka chini ya miti mikubwa ya aina ileile, uliochotwa penye unyevu na kutumika kabla haujakauka. Dawa ya ukungu ipigwe miche inapougua kweli, si kwa desturi ya kila Jumamosi. Na mabomba yaoshewe shambani, maji yake yamwagwe juu ya mimea ileile iliyonyunyiziwa.